Elimu ya Ufundi: Malighafi Zinazofaa na Zisizofaa kwa Mashine ya CNC

Fundi anayeharibu bodi moja ya MDF ya milimita 18 anaweza kupoteza faida ya kazi nzima. Anayevunja biti mbili kwa siku kwa sababu mbao ilikuwa na msumari ndani huenda akamaliza juma bila chochote mfukoni. Na yule anayekata bila barakoa haoni hasara leo, ila mapafu yake yanaweka hesabu. Makosa haya matatu huanzia mahali pamoja, nayo ni kutojua ni kitu gani kimelazwa juu ya meza ya mashine.

Mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta, maarufu kama CNC, sasa zinapatikana katika karakana nyingi nchini. Milango ya kabati za jikoni, herufi za mabango ya maduka, mbao za kichwa za vitanda na mapambo ya dari ni baadhi ya kazi zake. Vijana wanaulizia mafunzo, vikundi vinafikiria kununua mashine kwa mkopo, na wakazi wanapeleka kazi zao kukatwa. Somo hili limeandaliwa kwa wote hao. Linaeleza malighafi zinazokatika vizuri, zinazohitaji uangalifu, na zile ambazo hazifai kabisa kupandishwa kwenye mashine.

Mashine yenyewe hufanyaje kazi?

Ruta ya CNC ina mota inayozungusha biti kwa kasi kubwa, mara nyingi kati ya mizunguko 8,000 na 24,000 kwa dakika. Mota hiyo husukumwa pande tatu: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Kompyuta ndiyo inayoamua biti iende wapi, kwa kina gani na kwa kasi gani. Teknolojia ya kuongoza mashine kwa namba si ngeni. Mwaka 1952 Chuo cha MIT nchini Marekani kilionyesha hadharani mashine ya aina hiyo, kutokana na wazo la John T. Parsons aliyekuwa akitengeneza vipuri vya ndege. Wakati huo maagizo yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi. Leo yanaingizwa kwa kifaa cha USB.

Ni muhimu kutofautisha ruta na mashine nyingine zinazoongozwa na kompyuta. Leza hukata kwa mwanga wenye joto kali. Plasma hukata chuma kwa hewa iliyochemshwa kwa umeme, na ndiyo inayotoa maua na maumbo ya chuma unayoyaona kwenye mageti mengi. Ruta hukata kwa makali, kama patasi inayozunguka. Kwa hivyo kitu kinachofaa kwa mashine moja huenda kikawa hatari kwa nyingine, na tutaona mfano wake hapa chini.

Mbao asilia

Karibu kila mbao inakatika kwa ruta. Mbao laini kama saipresi na paini hukatika upesi, lakini nyuzi zake huchanika kwa urahisi kando ya mkato. Biti ikiwa butu, ukingo hubaki na manyoya ambayo msasa hauyaondoi vizuri. Mbao za wastani kama grivelia na mwembe hutoa kazi safi kwa bei ambayo wengi wanaimudu. Mbao ngumu kama mvule, mahogani na mkaratusi hutoa ukingo mkali na mchoro unaodumu, ila huhitaji kukatwa polepole na kwa kina kidogo kidogo.

Mambo matatu huamua kama mbao iko tayari.

La kwanza ni unyevu. Mbao iliyopasuliwa majuzi huwa na maji mengi. Ikikatwa leo, kesho itajipinda, na mlango uliotoshea vizuri utakataa kufunga. Kwa samani za ndani, lenga unyevu wa chini ya asilimia 15. Usipokuwa na kipima unyevu, kata kipande kidogo ukipime uzito, kisha ukikaushe katika joko lenye moto wa wastani hadi uzito uache kupungua. Tuseme kilikuwa gramu 230 na sasa ni gramu 200. Maji yaliyotoka ni gramu 30. Gawanya 30 kwa 200, zidisha kwa 100, utapata asilimia 15.

La pili ni mafundo. Fundo ni gumu kuliko mbao inayolizunguka, na nyuzi zake zimegeuka. Biti nyembamba ikilivamia kwa kasi inaweza kukatika au kulirusha fundo zima nje. Panga mchoro ili mafundo yabaki kwenye mabaki.

La tatu ni chuma kilichofichika. Mbao za majengo yaliyobomolewa na mbao za paleti ni za bei nafuu, lakini msumari mmoja uliozama unavunja biti papo hapo. Kagua kwa sumaku au kwa kifaa cha kutambua chuma kabla ya kuwasha mashine. Kwa paleti, tazama pia muhuri. Herufi HT zina maana kuwa mbao ilitibiwa kwa joto. Herufi MB zina maana kuwa ilifukizwa kwa gesi ya sumu ya methili bromaidi. Iache.

Wachongaji wa milango ya Lamu na wa vinyago vya Wamunyu huenda wakauliza kama mashine hii itachukua kazi yao. Biti ni ya mviringo, kwa hiyo haiwezi kuacha kona kali ya ndani. Biti ya milimita 6 huacha kona ya mviringo yenye nusu kipenyo cha milimita 3. Mashine inaweza kuondoa mbao nyingi kwa muda mfupi na kurudia muundo ule ule mara 20, lakini kona, uso wa kinyago na umaliziaji bado vinangoja patasi na mkono uliozoea.

Wakazi wanakumbushwa kuwa usafirishaji wa mbao unahitaji kibali cha Huduma ya Misitu nchini (KFS), hata kama mti umetoka shambani mwako. Muulize anayekuuzia mbao akuonyeshe hati kabla ya kulipa.

Bodi za kiwandani

Kwa karakana nyingi, bodi ndizo zinazoleta chakula mezani. Vipimo vya kawaida ni futi 8 kwa futi 4, yaani milimita 2,440 kwa 1,220, na meza nyingi za CNC zimetengenezwa kupokea ukubwa huo.

MDF ndiyo rafiki mkubwa wa ruta. Hutengenezwa kwa nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, kwa hivyo haina mafundo wala mwelekeo wa nyuzi. Mchoro hutoka sawa kila upande, na rangi hukaa vizuri. Hata hivyo ina udhaifu wa aina tatu. Ikilowa maji huvimba na hairudi. Ni nzito, kwani bodi moja nzima ya milimita 18 hukaribia kilo 40. Na vumbi lake ni jembamba mno. Tutalirudia suala la vumbi.

Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mbao zilizobandikwa kwa kupishana nyuzi. Ni imara kuliko MDF na inabeba skrubu vizuri, hivyo inafaa kwa viti, madawati na rafu. Tatizo lake ni uso kuchanika. Biti inayovuta maranda kwenda juu huchana uso wa juu, na inayosukuma kwenda chini huchana uso wa chini. Mafundi hutumia biti yenye makali yanayobana kutoka pande zote mbili, au hukata mstari mwembamba wa kina cha milimita 1 kabla ya kuzama. Angalia pia ukingo wa bodi unaponunua. Ukiona mashimo kati ya tabaka, jua kuwa ndani kuna mengine, nayo yatajitokeza pale pale unapotaka ukingo mzuri.

Blokbodi hukatika, lakini moyo wake ni vipande vya mbao vilivyopangwa sambamba, na michoro ya kuchonga huonyesha maungio. Chipubodi hukatika pia, ila ukingo humeguka na gundi yake hufanya biti kuwa butu upesi. Itumie kwa mikato iliyonyooka na uifunike kingo.

Plastiki

Adui wa plastiki kwenye ruta ni joto. Biti inapozunguka sana na kusonga polepole, haikati bali inasugua. Plastiki inayeyuka, inajizungushia kwenye biti, na kazi inaharibika.

Akriliki, ambayo wauzaji wengi huiita perspeksi, huanza kulainika katika joto la nyuzi 100 hivi za Selisiasi. Tumia biti yenye kali moja, isogeze haraka, na uondoe maranda kwa hewa. Ziko aina mbili: iliyomiminwa kwenye kalibu na iliyosukumwa kwa mashine. Ya kwanza hukatika vizuri zaidi. Ya pili huyeyuka mapema. Uliza kabla ya kununua.

Plastiki ngumu ya HDPE, ambayo hutumika kwa mbao za kukatia nyama na mboga, hukatika vizuri sana na kutoa maranda marefu. Nailoni pia hukatika, na mafundi huitumia kutengeneza bushi na magurudumu madogo.

Bodi za PVC zenye povu ndizo nyepesi zinazotumika kwa mabango. Ruta huzikata kwa urahisi. Lakini PVC hiyo hiyo ikiwekwa chini ya leza hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo huchoma macho na mapafu na kula vyuma vya mashine. Huu ndio mfano tuliouahidi: salama kwa ruta, marufuku kwa leza. Ikiwa karakana ina mashine zote mbili, bandika onyo ukutani.

Metali

Watu wengi hawajui kwamba ruta ya mbao inaweza kukata alumini. Inaweza, mradi fremu ya mashine iwe imara, karatasi ibanwe sawasawa, na kina cha kila mpito kiwe kidogo, kwa mfano nusu milimita. Alumini huyeyuka katika nyuzi 660, lakini muda mrefu kabla ya hapo huanza kunata kwenye makali. Biti yenye kali moja, hewa na matone ya mafuta mepesi ya kukatia husaidia. Shaba ya njano hukatika vizuri pia na ndiyo inayofaa kwa vibao vya majina.

Bodi za mabango zenye ngozi mbili za alumini na plastiki katikati, maarufu kama ACP, zimeleta kazi nyingi kwa mafundi wa mabango. Fundi hupitisha biti yenye ncha ya pembe upande wa nyuma, akikata ngozi moja na sehemu kubwa ya plastiki, huku akiacha ngozi ya mbele nzima. Kisha hukunja bodi kwa mkono kwenye mfereji huo na kupata kisanduku chenye kona safi bila kuunganisha.

Chuma cha kawaida na chuma kisichoshika kutu havifai, na hesabu inaonyesha sababu. Biti ya milimita 6 ikizunguka mara 18,000 kwa dakika, makali yake husafiri takriban mita 340 kwa dakika. Biti ya kawaida ya chuma cha kasi inapokata chuma laini hutakiwa isafiri mita 30 hivi kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya kasi inayofaa. Ukipunguza mizunguko, mota ya ruta hupoteza nguvu. Biti itaungua kabla chuma hakijachubuka. Peleka chuma kwa plasma.

Vitu ambavyo havipaswi kupandishwa mezani

Asbestosi. Mapaa ya zamani ya asbestosi bado yapo kwenye baadhi ya nyumba na taasisi. Usiikate kwa ruta, msumeno wala mashine yoyote. Nyuzi zake zikivutwa hukaa kwenye mapafu na husababisha saratani miaka mingi baadaye. Uondoaji wake hufanywa na watu walioidhinishwa, kwa kufuata taratibu za NEMA.

Mbao zilizotiwa dawa ya shinikizo. Nguzo za ua na za umeme zenye rangi ya kijani kibichi mara nyingi zimetiwa dawa yenye kromiamu, shaba na aseniki. Vumbi lake ni sumu, na mabaki yake hayafai kuchomwa jikoni.

Kioo, vigae na mawe. Ruta ya kawaida huvivunja na kutoa vumbi la silika. Vina mashine zake zinazotumia maji.

Mpira laini na nguo. Biti huvuta badala ya kukata. Hukatwa kwa kisu, au kwa leza ikiwa aina yake inaruhusu.

Hesabu moja inayookoa biti

Kila kali la biti linapaswa kung'oa kipande chenye unene fulani. Kikiwa chembamba mno, biti inasugua na kupata joto. Kikiwa kinene mno, biti inavunjika. Kanuni ni hii: kasi ya kusonga ni sawa na mizunguko kwa dakika mara idadi ya makali mara unene wa kipande.

Mfano wa MDF: mizunguko 18,000, makali 2, kipande cha milimita 0.15. Jibu ni milimita 5,400 kwa dakika.

Mfano wa alumini: mizunguko 18,000, kali 1, kipande cha milimita 0.05. Jibu ni milimita 900 kwa dakika.

Biti ile ile ikiwa mbovu au ikiwa sahihi, kiganja chako kitakuambia baada ya mashine kuzimwa na kusimama kabisa. Gusa maranda. Yakiwa vipande vidogo visivyo na joto kali, mambo ni shwari. Yakiwa unga mweusi wenye harufu ya kuungua, ongeza kasi ya kusonga au punguza mizunguko.

Vumbi si jambo dogo

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Fomaldehaidi, iliyo katika gundi ya bodi nyingi, iko katika kundi hilo hilo. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi la MDF. Inahitajika barakoa ya kuchuja chembe ndogo, pamoja na kifyonza vumbi kilichounganishwa karibu na biti. Ongeza miwani na vizibo vya masikio. Usivae glavu wala mikono mirefu iliyolegea karibu na biti inayozunguka, kwani huvutwa.

Usichanganye maranda ya alumini yenye moto na mfuko wa vumbi la mbao. Cheche moja inatosha kuteketeza karakana. Safisha mfuko kabla ya kubadilisha malighafi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Mwanagenzi anayejifunza kwako naye ana mapafu.

Kabla ya kulipia kazi au kununua mashine

Mteja, muulize fundi maswali haya: Bodi ni ya aina gani na unene gani? Itakaa mahali penye maji? Kona za ndani zitakuwa duara au zitamaliziwa kwa patasi? Mabaki ni ya nani? Umeme ukikatika katikati ya kazi, nani atalipia bodi? Swali la mwisho si la utani. Mashine nyingi umeme ukirudi hupoteza mahali zilipoachia, na bodi ikisogezwa hata milimita 1 mchoro haukutani tena. Mkubaliane mapema na muandike.

Kikundi kinachotaka kununua mashine, anzeni na orodha ya malighafi mtakazokata kwa mwaka mzima. Kama kazi zenu ni kabati na milango, mashine ya mbao ya futi 8 kwa 4 inatosha. Kama soko lenu ni mageti, ruta si mashine yenu hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Ulizieni pia umeme uliopo: mota kubwa na vifyonza vya meza huhitaji umeme wa njia tatu, ambao haupo kila mtaa.

Maswali ya kujipima

1. Kipande cha mbao kina gramu 345 kikiwa kibichi na gramu 300 kikikauka. Unyevu ni asilimia ngapi, na je, kinafaa kwa mlango wa kabati?
2. Ni bodi gani ya mabango inayokatika kwa ruta lakini ni hatari kwa leza?
3. Biti yenye makali 2 inazunguka mara 16,000 kwa dakika, kipande ni milimita 0.1. Isonge kwa kasi gani?

Majibu: (1) Asilimia 15; kiko mpakani, kiache kikauke zaidi. (2) PVC. (3) Milimita 3,200 kwa dakika.

Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Wakazi wanaotaka kujifunza useremala, uchoraji wa kompyuta au matumizi ya mashine wanahimizwa kutembelea chuo cha ufundi kilicho karibu nao, au ofisi ya wadi, waulize kozi zinazotolewa na masharti ya kujiunga. Nenda na kipande cha malighafi unayotaka kufanyia kazi. Ukimwonyesha mwalimu kitu chenyewe, atakuambia mapema kama inafaa kwa ruta au la.